Zipporah wa Machi, Solomon wa Mei

Wakili Pruitt alihesabu kwa vidole mara ya tatu, na mara ya tatu vidole vikamgomea.

"Mama Vernelle," alisema, "hebu nisaidie. Huyu Zipporah ndiye bibi yako?"

"Ndiye. Mama mzaa baba."

"Amezaliwa tarehe tatu Machi, mwaka elfu moja mia nane tisini na moja. Baba, Cudjo Brisbane. Mama, Hagar."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na huyu anayemfuata, Solomon, ni babu yake Mzee Harvell. Amezaliwa tarehe ishirini Mei, mwaka uleule. Baba Cudjo, mama Hagar."

Vernelle Capers alisogeza miwani yake. Ukurasa ule wa Biblia alikuwa akiuona tangu mtoto, siku za ubatizo na siku za matanga, na majina yale kumi na moja aliyasoma kama mtu asomavyo sala, moyoni, bila kuzitazama tarehe. Sasa alizitazama. Machi. Aprili. Mei.

"Labda walikuwa pacha," alisema.

"Pacha waliopishana wiki kumi na moja?"

"Mmoja alichelewa." Neno lilishamtoka, akaona haya. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na mmoja, amezaa watano, na hakuna wa kumfundisha jinsi watoto wanavyozaliwa.

Wakili hakucheka. Alikuwa binti mdogo wa ofisi ya msaada wa sheria, asiyelipwa na mtu kisiwani pale, na Vernelle alimpenda kwa vile alikula wali mwekundu na kamba bila kuuliza umetiwa nini. Alikunja mikono juu ya meza ya ukumbi wa kanisa, akasema taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa.

"Cudjo alikufa bila kuandika wosia. Ekari zake thelathini na moja zikabaki za wote, watoto na wajukuu, hazikugawanywa. Sasa ndugu yenu wa Philadelphia ameiuzia kampuni ya hoteli fungu lake, na kampuni inaitaka mahakama iuze shamba zima. Anayeweza kuzuia ni mtu wa damu ya Cudjo. Wa damu, Mama. Wanasheria wao wameiona Biblia hii. Nao wanajua kuhesabu."

"Unasema mmoja kati ya hawa si mtoto wake."

"Nasema Hagar hakuweza kuwazaa wote wawili."

"Ni yupi, basi?"

"Hilo ndilo jaji atakalokuuliza Alhamisi. Asiye wa damu, ukoo wake wote unatoka kwenye orodha. Na akishatoka, nyumba yake haina pa kusimama."

Vernelle aliweka kidole juu ya wino wa zamani. Kwa wiki tatu alikuwa akimtafuta mzee huyu ambaye hakuna picha yake. Alimpata kwenye hati ya kununulia shamba, mwaka elfu moja mia nane sitini na nane, miaka mitatu tu baada ya utumwa kwisha. Hapo alikuwa ametia alama ya msalaba kwa kuwa hajui kuandika. Alimpata tena kwenye daftari la kanisa miaka kumi na tatu baadaye, safari hii jina limeandikwa kwa mkono wake mwenyewe, herufi kubwa zilizolala ubavu kama ng'ombe waliochoka. Mtu mzima alikaa chini akajifunza kuandika. Na herufi za kwenye Biblia zilikuwa zilezile, majina yote kwa wino wa siku moja. Hakuna mwingine aliyeandika. Cudjo mwenyewe ndiye aliyeandika Machi, akaandika na Mei.

"Ni ile dhoruba," alisema polepole.

Wakili akainua kichwa.

"Dhoruba ya tisini na tatu. Bahari iliingia usiku ikachukua watu kwa mamia. Waliobaki waligawana watoto. Mtoto akishapewa kwako ni wako, na hatajwi tena kuwa ni wa kupewa. Ukimtaja umemtukana aliyekufa na umemtukana aliyempokea. Wazee wetu hawakutaja."

"Hata mara moja?"

"Binti yangu, wangetaja leo tungekuwa tunajua."

* * *

Barua ilikuja Jumatatu, ndani ya bahasha ndefu ya rangi ya maziwa. Rufus, mumewe, aliisoma kwa sauti huku mguu wake mbovu umeegeshwa kwenye kiti.

"'Iwapo utaapa mbele ya mahakama kwamba Solomon Brisbane hakuwa mtoto wa damu wa Cudjo Brisbane, kampuni itaiacha nyumba yako pamoja na ekari tano zinazoizunguka, bila usumbufu, milele.'" Alishusha karatasi. "Milele, Nelle. Wameandika milele."

"Wameandika Solomon."

"Kwani Solomon si amekufa?"

"Harvell hajafa."

Harvell Brisbane alikuwa hai kabisa. Alionekana dirishani upande wa pili wa uzio, anamfokea kuku. Alikuwa mjane wa miaka sabini na minane, hakubahatika mtoto, na kwa miaka arobaini yeye na Vernelle walikuwa wakigombana kuhusu uzio ule, maji ya mvua, na sauti ya redio yake. Nyumbani kwa Vernelle wajukuu wanne walikuwa wakila uji mzito wa mahindi kwa kelele.

"Saini," alisema Rufus. "Una watoto humu ndani. Harvell angekuwa wewe angekuwa ameshasaini jana, na kalamu angeomba kwako."

"Na kama wa kupewa ni bibi yangu?"

"Kama. Kama! Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Ndiyo maana siwezi kuapa."

"Basi Alhamisi usiku tutalala kwa nani? Niambie, nikapange mito."

Vernelle aliichukua barua akaisukuma chini ya kopo la mchele, na siku nzima kila alipochota mchele aliiona ncha yake imechomoza, kama ulimi.

Jioni Harvell alikuja uzioni.

"Nelle! Yule mtoto wa sheria amenipigia simu. Eti mmoja wetu ni wa kuokotwa!"

"Wa kupewa. Si wa kuokotwa."

"Basi ujiandae kisaikolojia, binamu. Mimi pua hii ni ya Cudjo."

"Umeiona wapi pua ya Cudjo, na hata picha hana?"

"Ninaihisi nikivuta pumzi."

"Hebu acha upuuzi. Wakili anasema tukatazame makaburini, pengine jiwe lina neno. Gari letu halina breki. Utatupeleka?"

"Nitakupeleka wewe. Rufus na mguu wake abaki alinde kuku."

* * *

Makaburi yao yalikuwa ndani ya geti la watu wengine. Shamba la jirani lilishauzwa zamani, likawa nyumba za matajiri na uwanja wa gofu, na maiti wa ukoo wa Brisbane walibaki humo ndani kama wageni waliosahauliwa sebuleni. Jumatano mlinzi, kijana mwenye sare iliyopigwa pasi vizuri, aliinama kwenye dirisha la gari la Harvell.

"Mnamtembelea nani?"

"Hagar Brisbane," alisema Harvell.

Kijana alipitisha kidole kwenye orodha. "Nyumba namba ngapi?"

"Yupo hapa tangu mwaka elfu moja mia tisa na kumi na mbili. Bado hawajampa namba."

"Harvell," alisema Vernelle.

"Si ameuliza?"

Ilibidi watoe vitambulisho vyote viwili. Ilibidi wasogee pembeni kuyapisha magari mengine, na mama mmoja aliyevaa nguo za tenisi akawatazama, akadhani ni watu wa usafi, akamuuliza Vernelle kama wameshafika kwake. Mwishowe walipewa karatasi ya njano ya kuweka mbele ya kioo. Nusu saa. Kuacha vitu juu ya makaburi hairuhusiwi.

Harvell aliposhusha kinga ya jua ya gari ili aibane karatasi ile, bahasha ndefu ya rangi ya maziwa ilimwangukia mapajani. Aliidaka upesi akairudisha. Vernelle alitazama nje, kwenye majani yaliyokatwa sawasawa kama nywele za askari. Kumbe na yeye anayo. Na kwenye yake imeandikwa Zipporah.

Makaburini hapakuwa na kikombe hata kimoja. Zamani kila kaburi lilikuwa na vyombo vya mwisho alivyovigusa marehemu: kikombe, saa, chupa ya dawa, taa. Watu wa bustani walivizoa wakavitupa, wakiona ni takataka. Zipporah na Solomon walilala bega kwa bega, miguu upande wa mashariki, na mawe yao hayakusema zaidi ya majina. Cudjo alikuwa safu ya nyuma yao, jiwe lake limekatika kati. La Hagar lilikuwa zima. Vernelle alipiga goti kwa shida, akakwangua kuvu kwa ufunguo.

"Limeandikwaje?" Harvell aliuliza. Macho yake hayakuwa mazuri tena.

"'Hagar, mke wa Cudjo. Alizaa kumi.'"

"Kwenye Biblia ni kumi na mmoja."

"Najua."

"Kwa hiyo ni kweli."

"Ni kweli. Ila halisemi ni nani."

Walisimama hapo, wazee wawili, wakitazama chini kama watu waliopoteza sindano. Vernelle alitaka kuuliza: Umesaini? Neno lilifika hadi kwenye meno. Akafikiri, nikimuuliza, naye ataniuliza, na barua yangu bado ipo chini ya kopo, sijaichana. Kwa nini sijaichana? Hapo akajikuta hajielewi, kwa kuwa siku tatu nzima alikuwa amejiambia kwamba hataki, na siku tatu nzima aliitunza isilowe.

"Zipporah alikuwa na meno mazuri," Harvell alisema ghafla. "Nakumbuka. Alinipa kipande cha boga nikiwa mdogo, akaniambia nisimwambie mtu."

"Kwa nini?"

"Sijui. Na sijamwambia mtu mpaka leo."

Kijana wa getini alipuliza filimbi kwa mbali. Nusu saa ilikwisha.

* * *

Alhamisi, wakili wa kampuni alikuwa bwana mpole aitwaye Thayer. Aliongea kwa sauti ya chini, na kila swali lake lilianza kwa kuomba radhi. Vernelle aliapa mkono juu ya Biblia ya mahakama, huku Biblia ya Cudjo iko mezani imefunguliwa pale penye majina.

"Samahani, Mama Capers. Kati ya watoto hawa wawili, ni yupi ambaye hakuwa wa Bwana Brisbane?"

"Wote walikuwa wake."

"Wa damu, namaanisha."

"Sijui."

"Hujui, au hupendi kusema?"

"Sijui. Nimetafuta kwenye hati, kwenye daftari la kanisa, na kwenye kaburi la Hagar. Nimeona kwamba mmoja ni wa kupewa. Ni yupi, sikuona."

"Kwa hiyo unakubali kwamba mzee wenu Cudjo aliandika uongo ndani ya Biblia."

Jaji, mama mnene mwenye mvi, aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake. Vernelle alimtazama wakili Pruitt, lakini wakili alikuwa ameushika ukingo wa meza tu.

"Bwana," alisema, "mzee huyu alinunua ekari thelathini na moja akiwa hajui kusoma, na hakupunjwa hata futi moja. Alijua hesabu kuliko mimi na wewe. Angetaka kudanganya, angeandika mwaka mwingine. Ni tarakimu moja tu, nani angejua? Siku ya kuzaliwa ni mali ya mtoto mwenyewe, hakumnyang'anya. Aliandika Machi na akaandika Mei, mmoja chini ya mwingine, kwa mkono wake. Kila mwenye vidole angehesabu, na yeye alijua. Aliacha hivyohivyo. Huyo si mtu anayeficha kitu."

"Samahani, Mama, lakini sheria haiulizi alikuwa mtu wa namna gani."

"Najua," alisema Vernelle. "Ndiyo maana nimechanganyikiwa."

Alirudi kukaa. Rufus alimshika mkono. Kisha jina la Harvell likaitwa.

Harvell alikuwa amevaa suti ya maziko ya mkewe, mikono imekuwa mirefu kwa jinsi alivyokonda. Alipopita mbele ya Vernelle hakugeuka. Mfukoni mwa koti bahasha ile ndefu ilichomoza, na Vernelle aliitazama mpaka macho yakaingia ukungu. Amesaini, alijiambia. Ana haki. Mimi mwenyewe yangu ninayo. Aliwafikiria wajukuu na vitanda vyao, akatafuta hasira ndani ya kifua, asiipate.

"Samahani, Mzee Brisbane," alisema Bwana Thayer, na safari hii alikuwa karibu kutabasamu. "Ni yupi hakuwa wa damu?"

Harvell alikohoa. Akajifuta mdomo.

"Solomon," alisema.

Bwana Thayer alitazama karatasi yake. "Unataka kusema Zipporah."

"Nimesema Solomon. Babu yangu. Yeye ndiye wa dhoruba. Mimi ndiye nisiye wa damu."

"Mwongo!"

Vernelle hakujua kwamba amesimama mpaka alipoona kila mtu amemgeukia. Rufus alikuwa anamvuta sketi.

"Mwongo huyo, Mheshimiwa! Miaka yote anajisifia pua! Ni Zipporah! Bibi yangu ndiye wa kupewa!"

"Kaa chini, Nelle," Harvell alifoka kutoka kizimbani. "Unaharibu."

"Wewe ndiye unaharibu! Umezaliwa kwenye nyumba ile, una miaka karibu themanini, utaenda kukaa wapi? Kwenye banda la kuku?"

"Mimi nikifa nitamwachia nani? Wewe una watoto wanne mezani, kutwa kupiga kelele, nashindwa hata kusikia redio! Kama lazima atoke mtu, atoke asiye na mtu nyuma yake. Hiyo ni hesabu tu!"

Jaji aligonga meza. Aligonga tena. "Mama Capers, dakika kumi zilizopita uliapa kwamba hujui."

"Nilikuwa sijakumbuka, Mheshimiwa."

"Na sasa umekumbuka?"

Vernelle akakaa chini.

Jaji aliivuta Biblia ya Cudjo karibu yake. Alivaa miwani akausoma ukurasa wote, polepole, jina kwa jina, na watu waliona vidole vyake vikihesabu chini ya meza.

"Nimekalia kiti hiki miaka kumi na tisa," alisema hatimaye. "Nimeona ndugu wakirushiana viatu hapa wakigombania nani mrithi. Watu wanaogombania kuwa mgeni, sijawahi kuwaona." Akamgeukia Bwana Thayer. "Unao ushahidi mwingine wa kunionyesha ni yupi?"

Bwana Thayer aligeuza karatasi. Akazigeuza tena. "Kwa sasa, samahani, sina."

"Basi na mimi kwa sasa sina wa kumtoa. Koo zote mbili zinabaki kwenye orodha. Fungu la Philadelphia tutalisikiliza baada ya wiki sita, na wenye shamba mwende mkalitafutie fedha za kulikomboa." Aliifunga Biblia kwa mikono miwili. "Na ninyi wazee wawili, nendeni nyumbani kabla sijawauliza swali jingine."

* * *

Nje jua lilikuwa kali. Wakili Pruitt aliwakumbatia, akalia, akaomba radhi kwa kulia, akakimbilia simu yake. Rufus alitangulia garini kwa Harvell, akachukua kiti cha mbele bila kuuliza, kwa sababu ya mguu.

Vernelle na Harvell walibaki kando ya lami. Harvell aliitoa bahasha mfukoni. Ndani karatasi ilikuwa haina saini. Aliikunja mara nne, akakosa pa kuitupa, akairudisha alikoitoa.

"Nani alikwambia ni Solomon?" Vernelle aliuliza.

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Na wewe, nani alikwambia ni Zipporah?"

"Hakuna."

Basi la shule lilipita. Vernelle aliutazama mkono wake wa kulia, ule ulioapa, kama anautilia shaka.

"Kwa hiyo tumesimama mahakamani, Biblia iko mbele yetu, tukasema uongo."

Harvell alikunja uso kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo bila miwani.

"Mmoja wetu," alisema. "Mwenzake amesema kweli."